Chumba Huvuliwa Kabla ya Kuvishwa

Magoti yangu yamekataa ngazi za mjini, na mtu wa kazi yangu asiyeweza kupanda ngazi hana kazi. Basi nimeacha. Sikufanyiwa karamu wala sikuitaka. Nimeweka ndoo chini, nimenawa mikono, nimekwenda zangu. Lakini wasichana niliowaachia kazi wamenishika kila tunapokutana: Bi Mosi tuandikie, Bi Mosi tuandikie. Mie kusoma kwangu ni kwa chuoni, chuo cha Kurani, juzuu chache, na herufi hizi nyingine nimejifunza ukubwani kwenye darasa la watu wazima, nikatoka nilipoona nimeweza kusoma jina langu na jina la duka. Mkikuta mstari umekwenda upogo, unyosheni wenyewe.

Kazi yangu nyinyi mnaiita kupamba. Neno hilo sikulipenda hata siku moja. Mpambaji huleta vitu, mie nilikuwa naondoa. Watu waliniita kukitayarisha chumba cha bibi arusi, au cha mzazi aliyejifungua, au ukumbi utakaopokea wageni, nami nikaingia na ufagio. Nikimaliza, mwenye nyumba akisimama mlangoni haoni kazi yangu. Anaona chumba chake. Anasema, kumbe chumba changu kizuri. Kama akisema "Bi Mosi kapamba vizuri," basi nimeharibu.

Nitaeleza miaka ya mwanzo tu, tangu sitini na nne mpaka mwanzoni mwa sabini. Yaliyofuata ni hayo hayo, pamoja na maputo.

Mie ni mtu wa Fumba, hapa hapa Unguja. Baba yangu alikuwa akichoma chokaa. Anapanga magogo, juu yake anapanga mawe ya pwani, moto unawaka mpaka mawe yanageuka meupe, yakipata maji yanaumuka yenyewe kuwa unga. Mie ndiye niliyekuwa nikiileta chokaa mjini, pakacha kwa pakacha. Mwaka ule wa sitini na nne, wa Mapinduzi, nyumba nyingi zilibadili watu. Wenyewe waliondoka, wengine wakaingia, na kila aliyeingia alitaka chokaa, kama mtu anavyotaka kunawa uso akitoka msibani. Sikuwahi kuuza kama mwaka ule, na sikuwahi kuona watu wanaonunua wakiwa kimya vile.

Katika wanunuzi wangu alikuwapo Bi Zaina. Mwembamba, mtafuna tambuu, khanga imefungwa kiunoni kama mtu anayekwenda kupigana. Alitia kidole katika chokaa yangu, akakisugua.

"Imechujwa hii, au ya kuvunjia watu brashi?"

"Imechujwa."

"Na kuipaka unajua?"

"Mtoto wa mchoma chokaa asijue kuipaka?"

"Una mdomo weye. Njoo kesho. Njoo na nusu ya mdomo huo, nusu ubakishe Fumba."

Nikaenda na mdomo wote, maana sikuwa na pa kuuacha.

Siku ya kwanza alinipeleka nyumba moja ya Kiponda. Wenyewe walikwisha kuondoka, na familia nyingine ilikuwa ikingoja kuingia. Bi Zaina alisimama mlangoni akabisha hodi. Akangoja. Akabisha tena.

"Bibi, hamna mtu," nikamwambia.

"Nnajua hamna mtu. Hodi hii ya nyumba."

Ndani tulikuta sufuria jikoni na upawa ndani yake, na viatu vya mtoto vimewekwa sawasawa karibu na kitanda. Nilinyoosha mkono nivitie kapuni, akanishika. Vitu vya wenyewe tulivikusanya chumba cha nyuma, tukavifunika shuka safi, kiatu juu ya kiatu. Nikamuuliza, "Watarudi?" Akasema, "Wakirudi watavikuta. Wasiporudi, tutakuwa hatukuwatukana." Mpaka leo nikiingia nyumba ya mtu hupiga hodi hata kama funguo ninazo mie.

Kisha akanikalisha sakafuni katikati ya chumba kikubwa. "Kaa. Usishike kitu. Niambie jicho lako linakwenda wapi."

Nilikaa mpaka miguu ikafa ganzi. Mie nilizoea kubeba, kukaa bure kulinitia kichaa. "Linakwenda kwenye lile kabati," nikasema mwisho.

"Zuri?"

"Baya. Limesimama njiani."

"Basi jicho lako halikwenda, limejikwaa. Tuliondoe."

Tukalisukuma. Nyuma yake ukuta mzima ulikuwa na vidaka, zile nafasi ndogo zilizochongwa ndani ya ukuta wa mawe, kila moja na tao lake la nakshi, safu kwa safu. Fundi aliyevichonga kafa zamani, na mtu mwingine kaja kamwekea kabati usoni. Bi Zaina alivifuta kimoja kimoja kwa pembe ya khanga. "Umeona? Chumba huvuliwa kwanza. Wengine wanakivisha nguo juu ya nguo, kisha wanashangaa hakina umbo."

Nyinyi sasa mna mashine za kupulizia rangi na ngazi za bati. Sisi tulikuwa na ufagio wa makuti uliofungwa kwenye upondo, ule mti mrefu wa kusukumia vyombo pwani, wa kuondolea tandabui za kwenye boriti. Tulikuwa na kumbi la nazi lililopondwa ncha, ndiyo brashi ya pembeni ambako brashi ya dukani haifiki. Ndimu na majivu kwa shaba. Mafuta ya nazi kwa milango, kidogo, kwa kitambaa, maana mlango ukinyweshwa sana unatoka jasho na kushika nguo za watu. Chokaa tuliiroweka mpaka ikawa laini, tukaichuja kwa kitambaa, tukapaka mara tatu nyembamba, si mara moja nzito. Ukuta wa mawe yetu unapumua. Ukiupaka rangi ya mafuta umeuziba pua, na ukuta uliozibwa pua hukohoa, ndiyo hayo mabaka mnayoyaona. Udi ulikuwa wa mwisho kabisa. Mwenye nyumba akitaka kuwasha udi kabla hatujafagia, Bi Zaina alikuwa akisema, "Udi juu ya vumbi ni marashi juu ya kwapa."

Neno "kutupa" hakuliruhusu. Tulisema "kupumzisha." Msilicheke. Mwambie mtu nnatupa kitu chako, atakipigania hata kama ni bovu. Mwambie nnakipumzisha, atakushikia upande mmoja.

Alinionyesha maana yake kwa mzee mmoja wa Mkunazini aliyefiwa na mkewe. Bintiye alituita kwa sababu chumba kilijaa makopo. Makopo ya maziwa, makopo ya chai, makopo yasiyojulikana ya nini, mpaka chini ya mto. Mzee alikaa kizingitini na bakora mkononi.

"Atakayegusa kopo nitamvunja mkono."

"Shikamoo, baba," akasema Bi Zaina, na akakaa chini kando yake kana kwamba ndicho alichokuja kufanya.

"Marahaba. Mkono nitauvunja vile vile."

"Naam. Lipi hapo lilianza kuingia humu?"

Mzee aliyakagua makopo. Halafu akaonyesha kwa bakora. Lile mama watoto alitilia mbegu za mchicha. Lile alitilia vifungo. Lile alilitaka tu, kwa picha yake. Yakaja maneno, na machozi kidogo, na sisi tukakaa. Bi Zaina akamuuliza, kati ya haya yote, lipi litaona vibaya likikaa gizani? Akachagua la mbegu. Tukaliweka dirishani, pale jua la asubuhi linapoingilia, peke yake. Mengine tukayapumzisha chini ya kitanda na pazia mbele. Mzee akalitazama kopo lile kwa muda. Likiwa na wenziwe lilikuwa kopo. Pale dirishani lilikuwa mkewe. Alituombea dua, na bakora akaiegemeza ukutani, na Bi Zaina akaihamisha kwa sababu ilikuwa inakata ukuta vibaya.

Macho yalipomwishia Bi Zaina, aliniachia ufagio na upondo. Hakusema nimefuzu. Alisema, "Usiuze."

Basi ikaja miaka ya foleni. Wenye umri wangu wanaijua. Mchele kwa foleni, sukari kwa foleni, khanga ikishuka dukani watu wanapeana habari kwa kunong'ona. Mngedhani kazi yangu ingepungua, kwa kuwa watu hawakuwa na vitu vya kujaza nyumba. Ilizidi. Mtu akikosa, ndipo anapotaka kuonekana anacho. Ikitokea arusi, mtaa mzima unaazimana: kioo cha huyu, saa ya yule, zulia limetembea nyumba nyingi kuliko mwalimu wa maulidi. Na hapo ndipo nilipokutana na Bi Mize, kesi ngumu kuliko zote nilizofanya.

Bi Mize alikuwa mjane, anashona kofia za viua kwa mkono, anakaa Sokomuhogo vyumba viwili vya ghorofani katika jumba kubwa lenye familia nyingi. Bintiye, Rukia, alikuwa ameposwa na kijana Makame, mfanyakazi wa bandarini, watu wao asili ya Tumbatu. Siku ya begi ilikuwa imekaribia, siku ambayo wanawake wa upande wa bwana arusi wanaleta begi la nguo za bibi arusi. Begi ni kisingizio. Wanakuja kukitazama chumba ambacho mtoto wao atakaa fungate, na wakitoka wanajua wanachotaka kujua.

Niliposukuma mlango wa chumba hicho, uligonga kitu ukarudi. Niliingia kwa ubavu. Kabati mbili. Saa tatu za ukutani, kila moja na majira yake. Redio mbili, zote bubu. Mazulia juu ya mazulia, vioo vinatazamana, viti vimepandana kama kuku wa sokoni.

"Vyenu hivi, Bi Mize?"

"Vya watu."

"Vyote?"

"Kitanda changu. Na mkeka ule."

"Mkeka upi?"

"Uko chini ya zulia la tatu."

Rukia, aliyekuwa mlangoni na sindano ya kofia mkononi, akacheka. Mama yake akamgeukia. "Unacheka nini? Weye ndiye utakayechekwa."

Kumbe kulikuwa na jambo. Mwaka uliotangulia Rukia alikuwa ameposwa na watu wengine. Wakaja siku ya begi, wakatazama chumba, wakanywa kahawa, wakaondoka, na posa ikafa bila neno. Hawakusema hatutaki. Walinyamaza tu, na kunyamaza huko kukaujaza mtaa maneno.

"Wale walipokuja walikuta vitu hivi?" nikauliza.

"Walikuta pungufu ya hivi. Ndiyo maana hawakurudi."

"Walikaa wapi?"

"Wawili juu ya kitanda, wengine walisimama ngazini."

"Basi hawakurudi kwa kuwa hawakupata pa kukaa."

"Bi Mosi, weye una maneno makavu."

"N'nayo. Chumba chako kina unyevu."

Akakaa kwenye kiti cha mtu, akayafuta macho kwa upindo wa khanga. "Mie sina kitu. Marehemu kaniachia mtoto huyu na sindano. Wakinyamaza na hawa, mwanangu ataitwa ana kisirani, na hatoposwa tena. Unajua watu wetu. Afadhali waone vya kuazima kuliko waone hamna."

Nilimwelewa. Mtu asidhani sikumwelewa. Lakini kuelewa ni kitu kimoja na kukubali ni kingine. Nikamwambia, "Nikivue chumba hiki kwanza. Kikiwa kibaya, nitavirudisha vyote kwa mgongo wangu mwenyewe." Alikubali kwa sababu alikuwa amechoka, si kwa sababu aliniamini.

Tukavitoa. Kabati la mwisho lilipohama, nyuma yake palikuwa na ukuta mtupu uliopakwa rangi ya mafuta ya kijani, imevimba kama ngozi iliyoungua. Nikaugonga kwa kifundo cha kidole. Mahali pengine ulijibu kwa sauti nzito, mahali pengine kwa sauti ya kitu chenye uwazi. Nikapiga tena, nikacheka peke yangu.

"Rukia, lete kijiko cha chuma."

Mtu wa zamani aliviziba vidaka kwa mawe madogo na udongo, akapaka juu, labda alichoka kuvifuta vumbi. Rukia ndiye aliyefungua cha kwanza. Kibandiko kilipoanguka, likatoka tao la nakshi, jembamba, lenye ua la plasta kileleni, limehifadhika kana kwamba limepumzishwa na Bi Zaina mwenyewe. Rukia aliendelea kukwangua mpaka vumbi likamfanya mweupe nyusi. Vidaka saba, vya pembeni vidogo, cha katikati kikubwa. Tulikwangua kijani chote, tukapaka chokaa ya Fumba mara tatu nyembamba.

Halafu nikakaa sakafuni, kama nilivyofundishwa. Kila chumba kina saa yake. Kile cha Bi Mize asubuhi kilikuwa pango, kwa kuwa dirisha lilitazama uchochoro. Lakini ng'ambo ya uchochoro kulikuwa na ukuta mweupe wa jumba jingine, na baada ya alasiri jua liliupiga ukuta ule likarudi ndani kwetu, laini, likapanda vidaka kuanzia chini. Nikamwambia Bi Mize, wageni waje baada ya sala ya alasiri. Kabla ya hapo usifungue mlango hata kwa dawa.

Tulirudisha kitanda. Tulirudisha mkeka, na kumbe ulikuwa mkeka mzuri, umesukwa kwa rangi. Kidaka kimoja tukaweka msahafu, kingine bakuli la asumini. Vingine nikaviacha. Bi Mize alikuwa akizunguka kama mtu aliyeibiwa.

"Cha katikati utaweka nini?"

"Si kitu."

"Bi Mosi. Kidaka kitupu ni kinywa kisicho na jino."

"Na kinywa kilichojaa hakiwezi kusema karibu."

Akaacha kuzunguka. Nilidhani nimeshinda. Nilikuwa sijamjua Bi Mize.

Siku yenyewe nilikwenda kuoga na kubadili nguo. Niliporudi, nikakuta katika kidaka cha katikati imesimama sahani. Kubwa, ya buluu, ya zamani, iliwahi kuvunjika ikashonwa na fundi kwa pini tatu za shaba. Nzuri, sitasema uongo. Lakini jicho lote lilikimbilia huko, na nakshi za tao zikafa.

"Ya nani hii?"

"Kaniazimia Bi Asha wa chini."

"Na yeye kaitoa wapi?"

"Sikumuuliza. Hivi mambo hayo huulizwa?"

Na kweli hayaulizwi. Kwetu ukiazima kitu cha arusi husemi arusi ya nani, na mwenye kitu hakuulizi. Ndiyo kusitiriana. Nilitaka kuishusha, lakini kabla sijafika kidakani nikasikia vishindo vya ngazi, na sauti nene ikisema hodi.

Waliingia wanawake sita, mbele yao Bi Mwaka, shangazi aliyemlea Makame huko Bububu. Mnene, fimbo mkononi, pumzi inampiga kwa ngazi. Rukia alikuwa chumba cha pili nyuma ya pazia, kama desturi. Bi Mwaka aliketi mkekani, akanyoosha miguu, na wenziwe wote wakapata pa kukaa. Nikaona uso wa Bi Mize unalegea. Mwanga ulikuwa ndiyo kwanza unagusa vidaka vya chini. Mwanamke mmoja akasema taratibu, "Lo, mahali pana baridi hapa," kwa namna ya kusifu.

Kisha Bi Mwaka akainua macho. Akainuka kwa fimbo, akaenda mpaka kidaka cha katikati, akapitisha kidole kwenye zile pini tatu za shaba. Moja. Ya pili. Ya tatu.

"Kumbe weye umetangulia," akaiambia sahani.

Mmoja wa wale wanawake akainama mbele. "Shangazi, si ile ya kwetu, iliyo..."

"Nshaiona."

Bi Asha wa chini alikuwa mlangoni na birika la kahawa. Hakuingia wala hakutoka. Baadaye tulikuja kujua: sahani aliiazima Bububu kwa Bi Mwaka, shoga yake wa kwenye maulidi. Bi Asha alijua mposaji ni kijana wa bandarini, hakujua kalelewa na nani, na kwa kumsitiri Bi Mize alisema tu ni ya arusi ya mjini. Bi Mwaka kwa adabu hakuuliza zaidi. Kila mtu alifanya wema, na wema wote ukaja ukasimama kidakani.

Bi Mize alikuwa ameshika ncha ya kitanda. Sijapata kuona mtu akiwa mweupe vile bila chokaa.

"Nani kakipanga chumba hiki?" akauliza Bi Mwaka.

"Mie," nikasema.

"Na hii sahani umeiweka weye?"

"La."

Bi Mize akanitazama kama niliyempiga kofi. Lakini niliulizwa, nami sikuwa na jibu jingine.

"Ungekuwa weye, hapa ungeweka nini?"

"Si kitu, bibi."

Bi Mwaka aliishika sahani kwa mikono miwili, akaitoa. Mwanga wakati ule ulikuwa umefika kidaka cha katikati, ukaingia pale sahani ilipokuwa, ukapanda tao mpaka kwenye lile ua la plasta. Wanawake wote waligeuza shingo. Nyuma ya pazia, mahali ambapo bibi arusi hatakiwi hata kukohoa, ikatoka sauti ya Rukia, haikutetemeka.

"Shangazi, kilichobaki ndicho chetu."

Birika la Bi Asha likagonga mlango. Mama yake akafumba macho. Bi Mwaka alitazama pazia, akatazama kidaka, akatazama sahani mkononi.

"Huyu mtoto ana ulimi," akasema.

"Anao, bibi," akasema Bi Mize. "Nisamehe, anao."

"Uzuri wake. Makame hana. Mwaka mzima nilikuwa nnajiuliza nani atamsemea." Akajirudisha mkekani kwa kishindo. "Na hii sahani ni ya kulia. Ukutani inafanya nini? Leteni mlichopika, iliki nnainusa tangu ngazini."

Bi Mize alikuwa ameoka mkate wa kumimina, kwa mchele na sukari alizozikusanya foleni kwa foleni, na alikuwa anaona haya kuutoa kwa kuwa ulikuwa mmoja tu. Ulikatwa vipande vidogo, ukawekwa juu ya ile sahani ya buluu, na wanawake wote tukala kutoka hapo, mikono inapishana. Bi Mwaka alikula vipande viwili na kumtania Bi Asha mpaka mwisho: "Shoga, nyumbani kwangu kuna na meza, ukiitaka ya arusi usiogope." Begi wakaliacha. Na walipoondoka, sahani wakaiacha pia, juu ya mkeka, ina makombo.

Sasa hapo pana jambo ambalo mtu wa kwetu haelezwi. Chombo cha mtu hakirudishwi kitupu. Siku ya tatu Bi Mize akanituma Bububu na ile sahani, maana yeye alikuwa bado anaona haya. Chakula cha kutia hakuwa nacho, mgao ulikuwa umekwisha. Akatia kofia, ya Makame, ya viua vidogo vidogo, aliyoishona kwa miezi. Bi Mwaka aliigeuza ndani nje akikagua mshono, akaitia kifuani, na wiki haijesha sahani ikarudi Sokomuhogo na muhogo na nazi. Ikaenda na ndimu. Ikarudi na kipande cha papa. Arusi ilifungwa, sahani iko njiani. Mtoto wa kwanza alizaliwa, iko njiani.

Mie nilikiandaa chumba kile mara nyingine kwa uzazi, na mwaka huu nilipanda ngazi zile kwa mara ya mwisho, polepole, nimwambie Rukia kuwa nimeacha kazi. Amekuwa mtu mzima, naye anashona kofia. Niliingia baada ya alasiri, makusudi. Chokaa imetunzwa. Kidaka cha katikati hakina kitu, na mwanga umekaa humo.

"Sahani iko wapi?" nikamuuliza.

Akakata uzi kwa meno.

"Bububu. Zamu yao."